Upepo Bila U

Kazi yake ilikuwa kuwapangia watu mapumziko, na neno alilolichukia kuliko yote katika kazi hiyo lilikuwa "kupumzika".

"Ni neno la makaburini," alimwambia mkata tiketi, mwenzake wa meza ya pili. "Mtu akifa tunasema amepumzika. Halafu mimi nimwandikie baba wa watu: njoo na mkeo na watoto, tuwapeleke mkapumzike. Wote kwa pamoja?"

"Andika vakesheni. Watu wanaelewa."

"Vakesheni ndiyo nini? Ugonjwa wa ngozi?"

"Haya, mwenye lugha yake."

Ofisi ilikuwa juu ya duka la viatu, na ngazi zake zilinuka gundi na ngozi. Ndani mlikuwa na meza mbili, feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu, na picha kubwa za milima, maji na watu wanaocheka bila sababu inayoonekana. Wateja walimwita Mpangaji, na jina likamganda mpaka nyumbani. Mama mkwe wake ndiye aliyelifurahia zaidi. "Mpangaji ni mtu anayelipa kodi," alikuwa akisema. "Wewe mwanangu unakaa bure."

Alikuwa hodari. Mteja akishaketi, hakumwonyesha picha. Alimuuliza maswali. Nani halali bila taa? Nani hutapika kwenye kona? Nani hazungumzi na nani? Hilo la mwisho ndilo lililobeba kazi yote, kwa sababu familia haiendi likizo. Familia huhamishia ugomvi wake mahali penye mandhari nzuri. Mashemeji wasiopatana aliwapa vyumba visivyogusana ukuta. Wanandoa waliochokana hakuwapa chumba chenye kibaraza na viti viwili, wasije wakatazamana. Aliwapa mizunguko, mitumbwi, vilima vya kupanda, mpaka wakarudi wamechoshwa na jambo lingine. Asubuhi ya pili ya safari aliiacha tupu. Alishajua kwamba siku ya kufika watu hupendana kwa uchovu, na ni kwenye chai ya kesho yake ndipo mtu hukumbuka nani aliazima gari la nani akalirudisha na mkwaruzo. Basi asubuhi hiyo kila mtu alikunywa chai kwa wakati wake. Watu walirudi wakimwambia wametulia kweli, na hawakujua kwa nini.

Nyumbani kwake hakukuwa na utulivu wa namna hiyo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama mkwe. Mama huyo alikuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yake yote ya kazi, na mpaka sasa mtaa mzima ulimwita Matroni. Alitandika kitanda kwa pembe kali kama bahasha. Hakukalia kitanda mchana. Mume wake alikuwa mtunza stoo wa shule hiyo hiyo, naye aliitwa Bwana Stoo, na mkewe alimwita hivyo hivyo, hata chumbani. Bwana Stoo alipofariki mwaka uliopita, mtoto wao wa kiume na mkewe, yaani Mpangaji, walihamia pale ili Matroni asibaki peke yake na vyumba.

Hakubaki peke yake, lakini si kwa sababu yao.

Kila jioni baada ya chakula Matroni alikusanya vyombo, akakataa msaada, akaingia jikoni, akarudisha mlango. Maji yakafunguliwa. Kisha sauti.

"Nilikwambia ile bawaba itang'oka. Haya, imeng'oka." Kimya. "Usinijibu hivyo, mimi si karani wako." Kimya kirefu. "Mm. Hapo umesema kweli."

Mpangaji, sebuleni, aliongeza sauti ya televisheni. Sauti ya mama mkwe haikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni vile vituo. Vilikuwa na urefu kamili, urefu wa mtu kujibu.

"Anaongea na masufuria," alisema mumewe. Alikuwa fundi wa lifti, na falsafa yake yote ya maisha ilitoka humo: kitu kikikwama, usibonyeze bonyeze. "Muache. Atashuka mwenyewe."

"Na asiposhuka?"

"Basi yuko ghorofa anayoitaka."

Mpangaji hakuridhika. Mtu aliyezoea kutibu watu kwa safari huona safari kila penye kidonda. Alitafuta kwa wiki kadhaa, akapata hoteli ndogo milimani, yenye baridi na miti, vyumba vikubwa, chakula kikiletwa mlangoni na vyombo vikichukuliwa hapo hapo. Mumewe alikubali. Ilibaki kumwambia Matroni, na hilo lilitakiwa kufanywa kwenye kundi la familia la simu, kwa sababu wifi yake, dada wa mumewe, akilisikia jambo la mama yake kutoka pembeni hulia kama amedhulumiwa shamba.

Akakaa ofisini, akaandika. *Mama yetu, umefanya kazi miaka mingi. Tumeamua kukupeleka mlimani ukapumzike.*

Akaisoma. Mjane. Mlimani. Akapumzike. Akafuta haraka kana kwamba neno lingeota mizizi.

Alitafuta neno lingine, na lilipokuja lilimfurahisha. Kupunga upepo. Hilo halikuwa na jeneza ndani yake. Mtu hutoka, hutembea, hewa humpiga usoni, hurudi. Neno la zamani, safi, linalojua linachosema. Wakati huo huo mteja alikuwa akipanda ngazi na mkokoteni wa mtoto, magurudumu yakigonga kila kipandio, akiomba kusaidiwa. Mpangaji akaandika kwa kidole gumba kimoja, akatuma, akaitupa simu kwenye droo, akaenda kushika mkokoteni.

Mteja huyo alikuwa na mapacha na mama mkwe wawili, kwa maana alikuwa ameolewa mara mbili na wakwe wote bado walimpenda, na wote walitaka kusafiri naye. Ilichukua muda. Alipoondoka, Mpangaji alifungua droo. Mumewe alikuwa amepiga simu mara nyingi kuliko alivyowahi kumpigia tangu uchumba.

Akafungua kundi, akausoma ujumbe wake mwenyewe kama wa mtu mwingine.

*Mama yetu, umefanya kazi miaka mingi. Tumeamua kukupeleka mlimani kupunga pepo. Kila kitu kimeshapangwa. Kuna watu wazoefu watakaokuhudumia. Usiogope, tutakuwa nawe mpaka mwisho.*

Chini yake wifi alikuwa ameandika: *Wifi, umekunywa nini?* Na chini ya hapo, kwa herufi ndogo za kijivu, simu yenyewe ilitangaza kwamba Matroni ameondoka kwenye kundi.

"Nini?" aliuliza mkata tiketi.

Akampa simu. Mkata tiketi akasoma, akashika ukingo wa meza, akacheka mpaka kiti kikalia. "Watu wazoefu! Mpaka mwisho! Yaani umemwambia mama mkwe ana mashetani, na kwamba mmeshampatia waganga!" Kisha akamtazama mwenzake usoni, akajikaza. "Sawa. Sawa. Ni U tu iliyoruka. Shukuru hukuandika peponi."

Mpangaji alifuta ujumbe. Kufuta hakukusaidia. Mahali pake palibaki maneno yanayosema kwamba ujumbe umefutwa, na kitu kilichofutwa huonekana na hatia kuliko kilichoachwa.

Alipofika nyumbani, wifi alishafika. Alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, mkoba mapajani, mtu aliyekuja kutazama. Mume alisimama karibu na dirisha. Matroni alikaa wima kwenye kiti chake, amevaa viatu vya kutokea, na miguuni pake palikuwa na sanduku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mke wa mwanangu."

Mpangaji alisimama pale pale. Tangu siku ya harusi Matroni hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita mwanangu, yeye ambaye mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado anajifunza kusoma, na alikuwa amelizoea neno hilo kiasi cha kutolisikia. Sasa alisikia pengo lake.

"Mpangaji umerudi!" alisema wifi. "Karibu. Na mganga umemwacha wapi, anaegesha gari?"

"Dada, basi," alisema mume.

"Basi nini? Mimi nauliza ili aongezewe sahani."

"Mama," alisema Mpangaji, "ni herufi. U imeanguka. Niliandika kupunga upepo."

"Hukuandika," alisema Matroni. "Ulitaka kuandika."

Mume aliona mlango, akauingia kwa kichwa. "Halafu mama, hata kisarufi, wingi wa upepo si pepo? Upepo mmoja, pepo nyingi. Kwa hiyo alichosema ni kwamba utapunga pepo nyingi."

Wifi alimgeukia.

"Kaka," alisema wifi taratibu, "rudi dirishani."

Hata hivyo alimnyang'anya Mpangaji simu autazame ujumbe. Ujumbe ulishafutwa, lakini wifi alikuwa ameupiga picha, kwa sababu ndiyo kazi ya wifi, akaufungua kwenye simu yake mwenyewe, akausoma tena kwa sauti akiirudisha U mahali pake. "Tumeamua kukupeleka mlimani kupunga u-pepo. Kuna watu wazoefu..." Akaanza kucheka, kicheko cha kweli safari hii, kisicho na mwiba. "Jamani, wahudumu wa hoteli! Mama, ni wahudumu wa hoteli! Ni U tu! Na mimi nimekuja mbio na viatu vya rangi mbili!"

Mume alicheka pia. Aliinama ashike sanduku alirudishe chumbani.

"Liweke hapo," alisema Matroni.

Akaliweka.

"Nimesahihisha barua za wasichana miaka yote ile," alisema Matroni. "Najua herufi iliyoanguka, na najua herufi iliyosukumwa. Hii imeanguka. Nimekubali. Sasa nionyesheni huko mnakonipeleka."

Mpangaji alileta picha, akapiga magoti kando ya kiti na kumfungulia moja moja. Matroni alivaa miwani. Aliitazama hoteli kama alivyokuwa akikagua bweni. "Kitanda hiki kimetandikwa na mtu mwenye haraka. Pazia fupi. Huu mlima ni mzuri." Picha nyingine. "Jiko liko wapi?"

"Hakuna jiko, mama. Wanaleta chakula chumbani."

"Na vyombo?"

"Wanavichukua."

"Wanaviosha wapi?"

"Huko kwao, nyuma. Sijui, mama."

Matroni alivua miwani, akaikunja. "Umetafuta mpaka ukapata mahali pasipo na sinki."

Wifi aliacha kucheka. Mume alitazama dari, kana kwamba kuna kitu kinashuka.

Mpangaji alikuwa na majibu ya kutosha. Yalikuwa kazi yake. Angeweza kusema kwamba wageni wote wa hoteli hawaoshi vyombo, kwamba mikono ya mama nayo inahitaji likizo. Aliyaona yote yamepangwa kichwani kama funguo ukutani, na akaona pia macho ya mtu aliyekaa na wasichana mia wanaojua kudanganya.

"Nilitafuta, ndiyo," alisema.

"Unanisikia."

"Nakusikia."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Na unaogopa."

"Ukizungumza siogopi. Naogopa ukinyamaza. Ukiwa unamsikiliza."

Matroni aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jumla sahihi ya hesabu mbaya. "Basi simu yako haikukosea. Ulichoandika ndicho ulichotaka. Unayekosea ni wewe unayeirudisha hiyo U." Akasimama. "Twende," alimwambia binti yake.

"Mama, hii ni nyumba yako," alisema mume.

"Najua. Ndiyo maana naondoka bila kufunga mlango."

Wifi alibeba sanduku. Pale langoni alichelewa kidogo, akamsogelea Mpangaji, na sauti yake haikuwa na mchezo. "Wifi, mimi naye nitafanyaje? Kwangu sinki limeziba tangu mwezi jana."

Majirani waliuliza. Mama katoka nyumbani kwake mwenyewe, na mkwe ndiye kabaki. Hiyo ni habari isiyohitaji chumvi. Mumewe alijibu kwamba mama amekwenda kumsalimia binti yake, jibu ambalo lilikuwa kweli na halikumsaidia mtu. Kila alipompigia mama yake, alijibiwa kwa upole na kwa ufupi. Mpangaji alipopiga yeye, Matroni alipokea, akauliza hali ya nyumba, akamwita mke wa mwanangu, akaaga.

Jioni zikawa kimya. Mpangaji alikuwa amekitamani kimya hicho, na sasa kilipofika alikitembeza nyumba nzima asijue akiweke wapi. Alizima televisheni. Aliosha vyombo yeye.

Ndipo akasimama kwa mara ya kwanza pale ambapo Matroni husimama. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, si kitu cha kumpa mtu mawazo. Kulia kwa sinki palikuwa na msumari, na kwenye msumari kitambaa cha kukaushia, kikavu, kimekunjwa kwa pembe za bahasha. Chini yake kigoda kifupi. Alikumbuka kwamba kila asubuhi, tangu wahamie, alikuta vyombo vimepangwa upande huo wa kulia vikiwa vimelala na maji yao, na dimbwi dogo likiteremka mpaka kwenye kigoda. Alilifuta kila asubuhi. Alidhani mama amezeeka, anasahau kukausha.

"Hiki kigoda ni cha nani?" alimuuliza mumewe.

Mumewe alikuja akasimama mlangoni. "Cha baba. Mama anaosha, baba anakausha. Alikuwa na magoti mabaya, kwa hiyo anakaa."

"Kila siku?"

"Walikuwa hawaongei mahali pengine. Shuleni yeye stoo, mama bwenini. Nyumbani sisi tunapiga kelele. Ugomvi wao wote uliishia hapo. Hata mimi kwenda chuo cha ufundi, nililisikia kupitia mlango huo." Akafikiri. "Mama alikuwa anasema baba anaacha maji chini ya sahani."

Mpangaji aligeuza sahani aliyokuwa ameshika. Ilikuwa na maji chini.

Ofisini, kesho yake, alifuta hoteli.

"Unaacha safari?" aliuliza mkata tiketi.

"Nabadilisha."

Alipiga simu milimani, hakuuliza juu ya hoteli tena bali nyumba za kukodi, zile ambazo mgeni hujipikia. Wenye nyumba walimwambia juu ya bustani, maji ya moto, mtandao wa kasi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lake.

"Sinki la jikoni liko dirishani?"

"Sinki, dada?" alisema mmoja wao. "Watu huuliza kuhusu pa kuchomea nyama."

"Na pembeni pana nafasi ya mtu wa pili?"

"Kusimama?"

"Kusimama au kukaa."

Mwenye nyumba aliweka simu chini, nyayo zake zikasikika zikienda, zikarudi. "Pana nafasi. Ila akiwa mnene sijui."

"Si mnene," alisema Mpangaji.

Mkata tiketi alikuwa amesikia yote. Hakucheka. Alisogeza feni, akailazimisha shingo yake ielekee meza ya mwenzake, na akaendelea na tiketi zake.

Siku ya mapumziko ya wiki Mpangaji alikwenda kwa wifi, peke yake. Nyumba ya wifi ilikuwa na watoto wengi na viatu vingi, na nje karibu na kibaraza beseni kubwa, kwa sababu sinki bado liliziba. Mabinti wa wifi ndio walioosha vyombo humo, kwa kelele. Matroni alikuwa kwenye kiti cha plastiki kibarazani, mikono mapajani. Alionekana mtu aliyepumzika. Mpangaji aliliona neno hilo likimkalia mama mkwe wake usoni na mabegani, na halikumpendeza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo, mke wa mwanangu?"

"Sijambo." Hakukaa. "Mama, nimebadilisha safari. Ni nyumba, si hoteli. Ina jiko. Ina sinki, na dirisha linatazama mlima. Pembeni pana nafasi. Niliuliza."

Matroni alimtazama.

"Sikutafuta nyumba hiyo ili unyamaze. Ukitaka kuongea, utaongea. Mlango utaufunga wewe au utauacha wazi, ni wako."

"Na ukiogopa?"

"Nitaogopa nikiwa humo humo."

Matroni alitazama beseni, na povu lililokuwa limekauka ukingoni. Wifi alikuwa ametokea mlangoni na mwiko mkononi, akisubiri.

"Upepo nitapunga," alisema Matroni hatimaye. "Pepo wangu mniachie."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi?" aliuliza wifi. "Mbona mimi sipangiwi?"

"Wewe zibua sinki."

Walisafiri na gari la mume. Kwenye kona Matroni alifumba macho na kuwaambia wanyamaze, ili dereva asikie barabara. Nyumba ilikuwa ya mawe, baridi, na upepo ulikuwepo kama ulivyoahidiwa. Uliingia kwa kila ufa na kugeuza kurasa za gazeti juu ya meza. Matroni hakutoka kuutazama mlima. Alivua koti, akaingia chumba kimoja baada ya kingine, akatandua vitanda vyote na kuvitandika upya. "Mwenye nyumba huyu hana mama," alisema, na akaonekana amefurahi.

Walikula jua likiwa bado juu ya miti. Mume alimaliza, akajinyoosha, akasema anaenda kukagua kama gari limezimwa vizuri, na gari lilikuwa limezimwa tangu mchana. Matroni alikusanya vyombo. Mpangaji alibaki mezani mpaka aliposikia maji. Mlango wa jikoni haukurudishwa.

Alisubiri sauti. Haikuja. Yalikuja maji tu, na sahani kugusana, na upepo. Matroni alikuwa akiosha kimya, mgongo wake wima dirishani, na kila alichokiosha alikiweka kulia kwake, kikiwa na maji yake.

Mpangaji aliingia. Pembeni ya sinki hapakuwa na kitambaa, lakini alikuwa amekuja na kile cha kwenye msumari wa nyumbani, na alikuwa hajakikunjua. Akasimama kulia, akachukua sahani ya kwanza. Matroni alitazama mkono wake, akarudi kwenye sinki. Waliendelea hivyo, huyu akiosha, huyu akikausha, mpaka vikombe vikaisha na masufuria yakaanza.

"Umemwona huyu?" alisema Matroni.

Hakuwa anamtazama Mpangaji. Alikuwa akitazama kando ya dirisha, kuelekea upande wa kulia, chini, kwenye urefu wa mtu aliyekaa.

"Huyu ndiye aliyetaka kukufukuza. Anasema ni herufi." Kimya. "Hata mimi nilisema hivyo. Halafu kapiga simu mpaka huku kuuliza kama utapata pa kukaa." Kimya, kirefu, urefu wa mtu mwenye maneno mengi na magoti mabaya. "Mm. Si mbaya. Ana haraka tu."

Upepo ulisukuma dirisha, likagonga, likatulia. Mpangaji alikuwa ameshika sufuria kwa mikono miwili. Kituo kilikuwa kimefunguliwa tena, na safari hii kilikuwa cha kwake, na kila mtu mle ndani alijua.

"Shikamoo, baba," alisema.

Matroni alisikiliza. Kisha akaupitisha mkono wake wenye povu, akaigeuza ile sufuria mikononi mwa Mpangaji, akaitazama chini.

"Amesema marahaba," alisema. "Kausha vizuri, mwanangu. Hii ina maji chini."